Mswaki wa Mninga Ndani ya Paipu la Upepo

Wiki iliyopita kijana mmoja fundi alinijia hapa nyumbani Ipuli akiwa na busta ya breki ya tela, lile kopo la chuma la kusukuma breki, ndani ya kiroba. Shikamoo, marahaba, akaketi. Akaitoa ile busta, akaiweka juu ya mkeka wangu wa sebuleni, kisha akatoa nyundo na tindo.

"Bibi, hii inavuja," akasema. "Nataka nifungue hiki kibangili cha nyuma nibadilishe raba ya ndani, lakini kinagoma. Nikasema nije nipigie hapa hapa, unielekeze."

Nilipiga ukelele mpaka jirani akatokea mlangoni na mwiko mkononi.

Ndani ya lile kopo, mwanangu, kuna springi iliyokandamizwa kwa mashine kiwandani. Ukikivunja kile kibangili, inaruka. Inapita kwenye bati la nyumba na kuendelea na safari zake, na kama kichwa chako kimeinama juu yake, inapita hapo kwanza. Nikamwambia hayo huku namnyang'anya nyundo. Unajua alichonijibu?

"Lakini bibi, kwenye simu kuna jamaa anafungua hivi hivi."

"Umeona video yake ya pili, huyo jamaa?"

Akafikiri. Akasema hajaiona.

Mnanichosha. Mwalimu wenu wa ufundi ameniomba niwaandikie kumbukumbu za kazi yangu, akasema niweke "maneno ya kutia moyo". Sina. Nilifanya kazi ya breki za upepo tangu nikiwa msichana mwenye kiuno hadi magoti yalipokataa kuingia chini ya tela, na nilichobaki nacho ni hasira na masikio mazuri. Nimekubali kushika kalamu kwa sababu moja tu. Kuna mtu anaitwa Deogratias, dereva wa zamani, yuko Ulyankulu, na barabara nzima kuanzia Urambo hadi Singida inamjua kama yule mlevi wa Sekenke. Nitamfikia. Jina lake lilichafuliwa, na mimi ninajua lilichafukaje. Lakini mkitaka kuelewa habari zake lazima kwanza mwelewe breki, na hapo ndipo ninapoanza kukata tamaa.

Nikiwauliza swali dogo, "Upepo ukiisha wote kwenye lori, nini kinatokea?" wengi wenu mnajibu kwa fahari: "Linakosa breki." Mungu wangu. Mmesoma nini?

Sikilizeni. Mzee Yohana Kasanda, aliyenifundisha kazi, alinieleza kwa mlango wa zizi la kwao. Mlango ule ulikuwa na jiwe limefungwa kwa kamba, likiuvuta ujifunge wenyewe. Ukitaka mbuzi wapite, unausukuma na kuushika wazi. Mkono ukichoka, mlango unajifunga. Upepo kwenye springi ya breki ndio huo mkono. Kazi yake ni kuizuia springi isifunge. Upepo ukipotea, paipu likikatika, tela likichomoka, springi inatanuka na kukamata tairi, hata dereva awe amesinzia. Ndiyo maana asubuhi lori haliondoki mpaka kompresa ijaze upepo kwenye mitungi. Upande wa pili wa kopo lile lile kuna breki ya kawaida, ile ya kukanyaga, ambayo yenyewe inasukumwa na upepo. Breki mbili, kopo moja. Moja inafanya kazi upepo ukiwepo, nyingine inafanya kazi upepo usipokuwepo. Waliobuni kitu hiki walijua binadamu anasahau, wakatengeneza kitu kinachokumbuka kwa niaba yake. Halafu mnakuja nyinyi na nyundo.

Mzee Kasanda alikuwa Mmoravian, mwimbaji wa sauti ya nne, ile nzito ya chini, na alizungumza kwa sauti hiyo hiyo hata akiomba chumvi. Nilipoletwa gereji, mafundi wengine walidhani nimekuja kupika chai. Yeye alinisalimu kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, binti," akazima injini ya lori moja, akaniambia nikae kando yake. "Ukisikia linapumua, niite."

Nilisikia. Ssss, nyembamba, ya chinichini. Nikazunguka lile lori nusu saa nzima, nikapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha paipu, nikalala mgongo, nikainuka na vumbi hadi kwenye kope. Hakuna kiungo kilichotoa kipovu. Mwishowe nikagundua kinachovuja ni tairi la baiskeli ya mzee mwenyewe, iliyoegeshwa ukutani nyuma yangu.

Gereji yote ilicheka. Mzee hakucheka. "Masikio unayo," akasema. "Sasa ziba hiyo pancha."

Hayo ndiyo mafunzo niliyopewa. Kila asubuhi nilitoa maji kwenye mitungi kabla ya kunywa chai, kwa sababu upepo unaoingia kwenye kompresa unaingia na unyevu, na unyevu unageuka maji, na maji yanakaa pale ulipotaka upepo ukae. Niliyapokea maji yale kiganjani na kuyasugua kwa kidole. Yakiteleza mafuta, kompresa imeanza kuchoka. Kuna dereva mmoja wa Puge aliniletea lori akilalamika upepo unaisha ovyo, eti amerogwa na shemeji yake. Nikafungua kikoki cha chini cha mtungi, maji yakajaza nusu ndoo. Nikamwambia amwombe shemeji yake msamaha, kisha afuge samaki. Alinuna hadi Nzega.

Na chaki. Nani kati yenu ana chaki mfukoni? Tulichora mstari kwenye fimbo ya busta pale inapotokea, mwenzako anakanyaga breki, unapima fimbo imetoka kiasi gani. Ikizidi vidole vyangu vitatu, breki imelegea. Nasema vidole vyangu, si vyenu nyinyi wenye vidole kama mkungu wa ndizi. Tukaingia chini na spana, tukakaza ule mkono tunaouita slaki, tairi moja moja, kote. Siku hizi slaki zinajirekebisha zenyewe. Vizuri sana, nashukuru, mgongo wangu ungezipenda. Ila nyinyi mmelichukua hilo kuwa ruhusa ya kutozitazama kabisa. Au mkiona imelegea, mnaikaza kwa spana mnaendelea na safari. Kitu kinachojirekebisha kikishindwa kujirekebisha, kinakwambia kuna kingine kimeharibika. Mtoto akilia huwezi kumziba mdomo ukasema amepona!

Basi madereva ndio walimu wenu wa kuziba midomo. Niliwahi kuingia kwenye kichwa cha lori nikakuta picha ya mtakatifu imebandikwa kwenye dashibodi. Sikushtuka, madereva wengi wana watakatifu wao. Nikawasha. Nikaona mtakatifu anang'aa usoni, mwanga mwekundu unatoka kifuani mwake. Nikaibandua. Chini yake kulikuwa na taa ya kuonya kwamba upepo umepungua, na kengele yake ilikuwa imejazwa pamba.

"Ilikuwa inanisumbua, mama," dereva akasema.

Nikamwambia kwamba na yule mtakatifu sina ugomvi, lakini hakuomba kukaa pale.

Sasa tufike kwenye miswaki.

Msimu wa tumbaku nilikuwa napelekwa Urambo, kwenye vituo vya ununuzi, kuhudumia malori yanayopakia marobota. Mchanga wa kule mnaujua. Lori lenye mzigo likizama, halafu busta moja ya tela ipasuke raba, springi inakamata tairi na gari haliendi mbele wala nyuma. Busta mpya iko Tabora. Foleni nyuma inapiga honi. Mafundi wa barabara hii wakabuni dawa yao. Unaibana ile springi kwa bolti ya nyuma hadi iachie tairi. Kisha unachonga kijiti cha mninga, kinene kama kidole, unakisukuma ndani ya paipu linalopeleka upepo kwenye busta ile, unakaza klipu. Upepo haupotei, gari linatembea. Kijiti chenyewe tulikiita mswaki. "Mtie mswaki aende." Tairi lile sasa halina breki hata moja, si ya kukanyaga wala ya springi. Linazunguka tu kama la toroli.

Msidhani Mzee Kasanda hakuutumia. Aliutumia. Lakini alikuwa na sharti, na sharti hilo alilitoa mbali. Babu zake walikuwa wapagazi, wamebeba pembe na nguo kati ya Tabora na pwani, na alidai wapagazi walikuwa na desturi: mzigo ambao kamba yake imeungwa njiani unafungwa kitambaa, ili kila atakayeupokea begani ajue kamba hii si ya kuaminiwa. Sijui kama ni kweli, wazee wetu wanapenda kuwapa babu zao akili zao wenyewe. Lakini alilifanya. Akitia mswaki, alifunga kitambaa chekundu kwenye usukani. Dereva anakiona, mlinzi wa getini anakiona, meneja anakiona. Lori lenye kitambaa linakwenda polepole hadi gereji, basi. Halipewi safari nyingine mpaka mswaki utoke. Na kabla ya kuutia alilizunguka tela lote, tairi kwa tairi, akipapasa kila paipu kama daktari. Tairi moja likifungwa, mengine yanabeba kazi yake, na kichwa cha lori kinabeba kuliko yote. Alitaka kujua kama breki anazoziongezea mzigo bado zina nguvu.

Mzee alipofariki, nikabaki na sharti lake. Nililishika. Nililishika kwa miaka mingi, isipokuwa mara moja.

Deogratias alikuwa dereva wa tela la tairi sita. Wazazi wake walitoka Burundi, baba yake katekista Ulyankulu, na yeye mwenyewe hakuwahi kuonja pombe. Wenzake walimtania kwa hilo, wakimwita Padri. Alikuwa mtu wa kunyamaza, mwenye kufuta kioo kila anaposimama. Asubuhi ile kule Urambo raba ya busta ya nyuma kushoto ilipasuka akiwa ameshapakia, katikati ya njia ya kutokea. Nikaenda na kisu changu na kipande cha mninga. Nikabana springi, nikachonga, nikatia. Nikatoa kitambaa chekundu mfukoni.

"Fundi," akaniambia, "leo usinifunge kitambaa. Nakuomba."

"Kwa nini?"

"Getini Tabora wakikiona hawanipokei mzigo mpaka gari litengenezwe. Nitakaa uani siku tatu. Na Jumapili mwanangu Inosenti anapata kipaimara. Nikifika leo, nashusha, kesho naliacha gari gereji kwenu watoe mswaki, Jumamosi niko kwangu. Ni Urambo hadi Tabora tu, fundi. Unanijua."

Nilimjua. Ndiyo sababu nilirudisha kitambaa mfukoni. Na kwa kuwa nyuma yake malori mengine yalikuwa yanapiga honi na jua lilikuwa limeshanichoma shingo, sikulizunguka tela. Nilipiga kofi ubavuni, nikasema, "Haya, Padri, nenda."

Kuna methali mnayoimbiwa tangu shule, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Msinitajie. Deogratias alimsikia mkuu, yaani mimi, na guu lilikuwa lake.

Alifika Tabora salama. Uani meneja wa usafirishaji, mtu ambaye jina lake halina faida hapa, alimwambia hakuna kushusha: mzigo unatakiwa Morogoro, aendelee moja kwa moja. Deogratias akamwambia tela lina mswaki. Meneja akachungulia dirishani, akaona usukani hauna kitu.

"Mmoja tu?" akauliza. "Tena hata kitambaa hawajakuwekea. Nenda, utatengeneza huko."

Angekataa, mtasema. Nyinyi mliokataa amri ya meneja na mkabaki na kazi, nyoosheni mikono.

Akapita Puge, akapita Nzega, akapita Igunga, akaanza kupanda milima ya Sekenke mchana wa jua kali. Mnaipanda kila siku, sina haja ya kuwaeleza. Kwenye kona ya juu alibadilisha gia, gia ikakataa, lori likasimama. Akakanyaga breki. Likaanza kurudi. Akavuta hendibreki, springi za kichwa zikakamata, lakini breki za kichwa zilikuwa zimekwisha, maana zilikuwa zimebeba kazi ya tela zima kwa muda mrefu kuliko alivyojua mtu yeyote. Likaendelea kurudi. Nyuma yake kulikuwa na basi linapanda. Akageuza usukani, akalipeleka tela kwenye ukuta wa mlima. Tela likajikunja, kichwa kikabanwa, na mguu wake wa kulia ukabaki ndani ya chuma kwa saa nyingi. Basi halikuguswa. Watu wa karibu waliokuja kumtoa hawakuwa na dawa, wakammiminia gongo kwenye kidonda kuua wadudu. Kwa hiyo askari walipofika, dereva alikuwa ananuka gongo kutoka kiunoni hadi kwenye viatu. Wakaandika walichonusa.

Mguu ulikatwa juu ya goti.

Siku kadhaa baadaye niliitwa ofisini. Mkaguzi wa magari alikuwa amelifungua tela, na juu ya meza ya meneja alikuwa ametandika gazeti, akapanga miswaki juu yake. Nilitegemea kuuona mmoja.

Ilikuwa minne.

Mitatu ilikuwa imezeeka, myeusi kwa grisi, imechongwa na visu vya mafundi wengine wa njiani kwa nyakati zao, na hakuna aliyefunga kitambaa. Kila mmoja wetu aliona tairi moja. Siku ile Urambo nilidhani natia mswaki wa kwanza, kumbe natia wa nne. Tairi nne kati ya sita. Ningelizunguka lile tela mara moja tu, dakika mbili, nikipapasa mapaipu kama nilivyofundishwa, ningeikuta yote mitatu, na Deogratias asingetoka Urambo. Angekasirika, angekosa kipaimara. Kipaimara alikikosa vilevile.

Wangu niliujua mara moja. Ulikuwa bado mwekundu, na kichwa chake nilikichonga pembe nne, kwa sababu Mzee Kasanda alinifundisha kwamba mviringo huteleza. Hakuna fundi mwingine njia nzima aliyehangaika na pembe.

"Fundi Kalunde," meneja akasema, "vijiti hivi unavijua?"

Mkaguzi alikuwa ananitazama. Nilikuwa na watoto watatu shuleni, na nilikuwa mwanamke pekee kwenye ile gereji. Hizo ni sababu, nazijua zote, nimezihesabu tangu wakati ule, na haziniletei usingizi. Nikajibu, "Mafundi wa njiani wote wanachonga hivi."

Meneja akashusha pumzi. Hakutaka jibu lingine, kwa kuwa jibu lingine lingemfikia na yeye. Ikaandikwa kwamba dereva alikuwa amelewa na aliendesha gari bovu kwa kujua. Akaondolewa kazini akiwa bado kitandani, na leseni ikachukuliwa. Nilipokwenda hospitali kumwona, aliniambia kwa sauti ya chini, "Nimewaambia sijui aliyetia. Una watoto." Nikalia. Nikamshukuru. Mpaka leo najichukia kwa lile neno ahsante kuliko hata kwa ule uongo.

Sikutia mswaki tena. Niligombana na kila dereva, kila meneja, nikapata sifa ya ukali, na ukali ule ukanipandisha cheo. Nilipostaafu walinipa cheti kinachosema nimetumika bila kusababisha ajali. Watu walipiga makofi. Nimekifungia sandukuni chini ya vitenge kwa sababu siwezi kukitundika na siwezi kukichoma.

Kila Krismasi nilikwenda Ulyankulu na sukari na kitenge cha mkewe Goreti. Deogratias alilima mahindi na tumbaku kidogo akiegemea mkongojo wake wa mti, alinikaribisha, tulizungumza mvua. Hatukuzungumza Sekenke. Nilijiambia kwamba yeye ndiye hataki. Mtu akiogopa jambo hupenda kusema mwenzake ndiye anayeogopa.

Mwaka huu Inosenti, yule wa kipaimara, amepata leseni ya magari makubwa. Ni kijana mtulivu kama baba yake. Amezunguka yadi za Tabora, yadi za Urambo, yadi za Nzega. Getini wanasoma jina la baba, wanacheka. "Wewe ni mtoto wa yule mlevi wa Sekenke? Tela letu tunalipenda." Wenye kucheka ni vijana wa rika lenu, ambao ajali ile hawakuiona. Uongo wangu umewafikia na umepata nguvu njiani.

Mwalimu wenu aliponiomba niandike, nilikwenda Ulyankulu si wakati wa Krismasi. Goreti alishangaa. Nikakaa mbele ya Deogratias, nikamwambia yote: pembe nne, gazeti mezani, nilivyoulizwa na nilivyojibu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Kwa msamaha pia nilikuwa nimejiandaa, kusema kweli, nilishautengenezea uso.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Fundi, miaka yote hii umeniletea sukari."

"Ndiyo."

"Sukari tunayo."

Akaendelea.

"Mswaki niliukubali mwenyewe, na kitambaa nilikukatalia mwenyewe. Hilo ni langu, nimekwisha kulibeba. Lakini mimi sinywi, fundi. Unajua sinywi. Baba yangu alikufa anaulizwa kanisani kama mwanawe ameacha pombe." Akanyoosha kile kipande cha mguu juu ya kigoda, kama anayetafuta pa kukiweka. "Unakuja kuniambia mimi? Mimi nilikuwepo. Goreti anajua, watoto wanajua. Kawaambie wale wa getini."

Nikamuuliza kama amenisamehe. Nilikuwa na uso wa kuuliza hivyo, hebu fikirini.

"Waambie kwanza," akasema.

Basi nawaambia, nyinyi wa yadi, wa gereji, wa mizani, wa getini. Deogratias hakuwa amelewa. Alilipeleka tela ukutani kwa akili timamu ili basi la watu lipite, na mguu wake akauacha pale. Mswaki wa tairi la nyuma kushoto ulikuwa wa kwangu mimi, Kalunde, niliutia bila kulizunguka tela na bila kitambaa, na nilipoulizwa nilidanganya. Mkitaka kuja kunichukulia kile cheti, nyumba yangu iko Ipuli, mnaijua, mlinzi sina.

Na Inosenti atakuja kwenu tena Jumatatu, na leseni yake mkononi. Mfungulieni geti.